Chale za Nyumbani: Wembe Mmoja, Watu Wangapi?

Neno chanjo katika Kiswahili chetu lina sura mbili. Chanjo ni ile sindano ya daktari imkingayo mtoto na maradhi. Chanjo pia ni chale zikatwazo mwilini kwa wembe, ziwe za dawa, za ukoo au za urembo. Wazee wetu hawakukosea kuyapa mambo haya jina moja, maana yote mawili hutoboa ngozi na kuingiza kitu ndani. Kinachoyatenga ni kile kiingizwacho.

Nimeyawaza haya tangu nilipozuru kaskazini mwa Turkana, nikipitia Lodwar na Kakuma hadi Kaaleng. Huko mwili wa mtu mzima husomeka kama daftari. Kwa desturi yao ya kale, mwanamume wa Kiturkana aliyemwua adui vitani alikatwa safu za chale begani na kifuani. Upande wa kulia ikiwa aliyeuawa ni mwanamume, wa kushoto ikiwa ni mwanamke. Wanawake nao walichanjwa kwa ajili ya urembo. Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, utawaona wazee wa Kinuer wenye mistari sita kwenye paji la uso, alama ya kuwa waliuvuka utoto. Na juu ya hayo limezuka jambo jipya, la Lodwar kama la Mombasa: vijana kuchorana tatuu chumbani, mlango umefungwa, kwa sindano ya kushonea na wino wa kalamu.

Najua msomaji wa Pwani atasema, hayo ni ya bara, sisi yanatuhusu nini? Nyani haoni kundule. Ni mtaa gani wetu usiokuwa na nyumba ambayo mganga aliingia na wembe na unga mweusi, watoto wakapangwa safu, akawachanja mmoja baada ya mwingine? Mimi mwenyewe ninazo chale mbili kifuani, nilizokatwa udogoni kwa ajili ya degedege, kwa wembe ule ule uliowapitia ndugu zangu watatu. Na bibi harusi wetu anayepakwa piko ili maua yawe meusi, mara nyingi hupakwa rangi ya nywele yenye kemikali kali. Wako waliotoka malengelenge mikononi, wakabaki na makovu yenye umbo la maua yale yale. Hina safi rangi yake ni nyekundu au ya kahawia. Ukiona nyeusi ti kwa muda mfupi, uliza imetiwa nini.

Kwa upande wa dini, jambo la tatuu halina fumbo. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, alimlaani mwenye kuchora na mwenye kuchorwa. Hayo tuliyasikia tangu chuoni. Walakini hukumu ya dini isitufanye tukanyamaza juu ya usalama, tukasema aliyejitakia na ayaone. Kijana aliyekwisha kuchorwa naye ni mtoto wetu. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walisema zamani kuwa mtu akiogopa madhara, halazimiki kuiondoa alama hiyo, toba yamtosha. Basi asije mtu akajibandua ngozi kwa pasi ya moto au kwa maji ya betri kwa kudhani anajitakasa. Suratul Baqara imetukataza kujitupa maangamizoni kwa mikono yetu wenyewe, na katazo hilo lamgusa mwenye kuchora, mwenye kuchorwa na mwenye kujibandua.

Sasa natazama sheria. Wengi hudhani kuwa lifanywalo nyumbani ni la nyumbani. Sivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 44, inampa kila mtu haki ya kufuata utamaduni wake, na papo hapo inakataza mtu kumlazimisha mwenzake afanyiwe mila yoyote. Kifungu cha 53 kinamkinga mtoto na mila zenye madhara. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikazitaja baadhi yake, kama ukeketaji na ndoa za utotoni, kisha ikaongeza desturi nyingine yoyote, ya kabila au ya dini, inayoelekea kudhuru uhai, afya au hadhi ya mtoto. Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo baba wa Kaaleng anayemshika mwanawe kwa nguvu akatwe chale, na baba wa Pwani anayefanya vivyo hivyo mbele ya mganga, wote wawili wana la kujibu, na neno mila haliwatoshi kuwa ngao.

Ama mtu mzima aliyeutoa mkono wake kwa hiari, hayo ni baina yake na Mola wake. Lakini aliyeshika sindano hajasalimika. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 186, inamhesabu mkosaji kila atendaye kwa uzembe jambo analojua, au ana sababu ya kujua, kuwa laweza kueneza maradhi ya kuhatarisha uhai. Sindano moja kwa watu wanne ni jambo la namna hiyo hasa.

Na maradhi yenyewe si ya kubuni. Kirusi cha homa ya ini ya aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata katika tone la damu lililokauka kwenye makali ya wembe. Huufuta kwa kitambaa ukakitoa, wala hakioni aibu kwa sababu mnaochanjwa ni ndugu wa tumbo moja. Homa ya ini ya aina ya C haina chanjo hadi leo. Virusi vya UKIMWI navyo hupita kwa damu. Pepopunda hukaa katika udongo na samadi, na mbegu zake huweza kustahimili hata maji yachemkayo. Anayetia jivu la jikoni au vumbi la zizini katika kidonda kibichi huenda anazipanda kwa mkono wake. Tena ngozi zetu nyeusi ni nyepesi kuota makovu yavimbayo, yasiyorudi chini.

Kinga yake si ngumu kuielewa. Wembe au sindano iwe mpya, iliyofunguliwa mbele ya macho yako, itumiwe kwa mtu mmoja, kisha itupwe mahali ambapo mtoto hataiokota. Kuifuta kwa spiriti hakutoshi. Kanuni hiyo ni kwa mganga, kwa kinyozi, na kwa mwenye kupiga hijama pia, maana kuwa jambo ni sunna hakukusafishi wembe. Watoto wachanga wa Kenya huchanjwa homa ya ini ya aina ya B tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Aliyezaliwa kabla ya hapo na aulize hospitalini. Na aliyekwisha kuchanjwa kwa wembe uliotumiwa na mwingine, asikae kitako. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa kabla ya saa 72 kupita, na sindano ya pepopunda ipo. Macho yakigeuka manjano, taya likikaza, kidonda kikivimba na homa ikapanda, hapo si pa kungoja asubuhi. Kwa mtu wa Kaaleng, ambaye safari yake hadi hospitali ya rufaa ya Lodwar ni ndefu, kungoja ni hatari mara mbili.

Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Methali hii naiheshimu, ila hapa haifai. Mtoto wa miaka mitano aliyepangwa safuni hakujidunga. Kijana aliyedanganywa na mwenzake kuwa moto wa kiberiti umeisafisha sindano naye hakuujua mwiba alioushika.

Kwa hiyo nawaomba maimamu, wanapolitaja katazo la dini, wautaje na wembe. Nawaomba machifu na wauguzi wa Turkana na wa Pwani wakae na waganga na wazee wa mila kabla hawajakaa nao mahakamani. Na wewe mzazi, mganga akija kwako kesho, muulize kabla hajafungua mkoba wake: umekuja na nyembe ngapi? Zikipungua hesabu ya watoto, mwambie arudi.