Kiraka Hakitaki Mapambo

NYUMA YA KIOO, na Salim Mbwana

Simu yako ya Android, hata ile ya bei ya chini kabisa, inaendeshwa na kiini cha Linux. Kiini hicho alianza kukiandika Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na hadi leo marekebisho yake husafiri kwa baruapepe. Anayegundua kasoro huandika kiraka, humtumia msimamizi wa sehemu husika, naye akiridhika hukiingiza. Anayejaribu kuchangia kwa mara ya kwanza anaweza kukwama hapo hapo, ingawa programu anaijua vizuri.

Anayemkwamisha ni tarishi. Programu nyingi za baruapepe zimetengenezwa kwa ajili ya salamu na ankara. Zikiona mstari mrefu huukata, na zikiona tabo huigeuza kuwa nafasi za kawaida. Kwa barua ya kuomba kazi hakuna neno, lakini kiraka husomwa na mashine, herufi kwa herufi. Mstari ulioanza na alama ya kujumlisha unaongezwa, wa kutoa unafutwa, na ulioanza na nafasi tupu upo tu kuonyesha mahali pa kubandika. Ukikatwa katikati, kipande cha pili hubaki bila alama, na komandi ya git am, ambayo msimamizi huitumia kubandika viraka, hukigomea kiraka kizima. Tabo nazo zikigeuzwa, mistari hailingani tena na faili alilonalo msimamizi. Kwa macho huoni tofauti yoyote, na hapo ndipo watu hupoteza usiku mzima.

Gmail ya kwenye kivinjari hufanya makosa yote mawili: hugeuza tabo, tena hukata mstari kwenye herufi ya 78. Nyaraka za Linux zenyewe zinasema wazi kwamba haifai kwa kutuma viraka.

Wapo wanaodai wazee wa Linux ni wakaidi tu, wahamie kwenye tovuti za kubonyeza kitufe. Sikubaliani nao. Maandishi matupu hupita hata kwenye mtandao wa kusuasua, hayakulazimishi kufungua akaunti kwa kampuni fulani, na mkaguzi anajibu chini ya mstari uleule anaoutilia shaka. Kiambatisho humnyima nafasi hiyo, ndiyo maana hakipendwi.

Dawa ipo ndani ya Git, chombo ambacho Torvalds huyohuyo alikiunda mwaka 2005. Andaa kiraka kwa git format-patch, kitume kwa git send-email (kwenye Ubuntu utaongeza kifurushi cha git-email), na usinakili kutoka kwenye skrini. Kwanza jitumie mwenyewe, hifadhi barua hiyo kama faili, kisha ijaribu kwa git am kwenye nakala safi.

Walimu wa vyuo mnaofundisha Git, tengeni kipindi kimoja kwa ajili ya hili kabla wanafunzi wenu hawajamwandikia msimamizi yeyote.