Mwimbaji Asifiwe, Mtungaji Asisahauliwe

Wimbo wa "Malaika" haumgombanishi mtu na jirani yake. Ukipigwa arusini hapa Viwanja Sitini, wazee na vijana huinuka pamoja. Lakini ukiuliza mwenye wimbo ni nani, wengi watajibu bila kusita kwamba ni Miriam Makeba wa Afrika Kusini. Jibu hilo si kweli, na halifai kuachwa liendelee kupita.

Fadhili William wa Kenya alikwisha kuurekodi mjini Nairobi mnamo 1960 hivi, kabla Makeba hajautia katika sahani aliyoitoa pamoja na Harry Belafonte mwaka 1965. Tena utunzi wenyewe una ubishi wake: wako wanaoshikilia kuwa ulitoka kwa Ndugu Adam Salim, Mtanzania, tangu mwaka 1945. Baadaye kundi la Boney M. la Ujerumani likaurudia mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin mwaka 1991. Kila ulipopita mkono mpya, majina ya wa kwanza yalizidi kufifia.

Hatusemi kwamba Makeba alikosea. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, na sikio la Mswahili hulitambua hilo upesi. Juu ya hayo, aliuimba vizuri kuliko waliomtangulia, na hatuoni sababu ya kuficha. Mkulima wa bonde letu la Kilombero husimama majini miezi na mpunga wake, kisha mpishi wa Dar es Salaam akasifiwa kwa pilau. Mpishi anastahili sifa zake. Tunalolikataa ni mkulima kutolipwa mchele.

Na kutolipwa huko si jambo la kubuni. Solomon Linda alirekodi "Mbube" mjini Johannesburg mwaka 1939, akauza haki zake kwa shilingi 10. Mwaka 1961 vijana wa Kimarekani walioitwa The Tokens waliugeuza wimbo huo na kuufikisha kileleni mwa orodha ya mauzo kwao. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa fukara. Binti zake walipata suluhu ya madai yao mwaka 2006, baada ya miaka 44. Huo ni unyonyaji, hata kama umevishwa sauti tamu.

Njia ya heshima ipo, na tunayo hapa hapa nchini. Siti binti Saad wa Unguja alianza kurekodi Bombay mwaka 1928. Nyimbo zake kadhaa, "Muhogo wa Jang'ombe" ukiwamo, leo watu wengi wanazijua kwa sauti ya Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013. Lakini bibi huyo hakuficha kwamba alizitwaa kwa Siti. Chuoni tulifundishwa kwamba anayepokea hadithi humtaja aliyempa. Bi Kidude alifanya vivyo hivyo kwa nyimbo.

Sasa tutazame mkoani kwetu. Mbaraka Mwinshehe, aliyevuma na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alifariki Mombasa mwezi Januari 1979. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa kazi ya mtungaji kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa tungo zake unafikia ukingoni mwaka 2029. Kwa Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965, miaka hiyo 50 ilikwisha zamani.

Kwa hiyo wakati si mwingi. Tunawataka viongozi wa bendi za vijana hapa Ifakara wamtaje mtungaji kwa jina lake kabla ya kupiga wimbo wake, na kila wanaporekodi waandike jina hilo. Wenye kumbi na wenye baa nao wajue kwamba mirabaha si hisani. Maofisa utamaduni wa wilaya wasiwangojee COSOTA watoke Dar es Salaam. Wazee waliocheza katika bendi za mkoa huu bado wako baadhi yao, wanakumbuka nani alitunga nini, na daftari moja na kalamu vinatosha kuanzia.