Mlango ulipofunguliwa, alikuwa tayari

Wamama wapenzi, mwaka jana msichana mmoja wa darasa letu la sita alifaulu vizuri mtihani wa mwisho. Kaka yake alilipiwa minervali ya sekondari, yeye akabaki kuuza chikwange sokoni. Tulipomwendea mama yake, alituuliza: «Mwalimu, msichana akisoma, milango iko wapi?»

Swali hilo ni la kweli, na hatukuwa na jibu siku ile. Leo tunalijibu kwa habari ya mwanamke wa mbali, katika mchezo ambao hapa Kindu hatuuoni: kuruka viunzi kwa farasi. Uwanjani hupangwa viunzi vya miti. Mpanda farasi huviruka kimoja kimoja, na mti ukianguka anahesabiwa kosa.

Pat Smythe alizaliwa Uingereza mwaka 1928. Baba yake alipofariki, yeye na mama yake walipokea nyumbani wageni wa kulipa, ili farasi wapate chakula. Aliandika pia vitabu ili apate feza. Miaka ya 1940 haijaisha, alikuwa tayari anaichezea timu ya nchi yake.

Lakini mwaka 1952, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, wanawake hawakuruhusiwa katika mchezo huo. Wanaume wa Uingereza walishinda medali ya zahabu; yeye hakuwa na nafasi. Je, aliacha mchezo? Hapana. Aliendelea kujizoeza na kushindana kila mahali alipokubaliwa.

Mwaka 1956 sheria ilibadilika. Michezo ilikuwa Melbourne, lakini ya farasi ilifanyika Stockholm, kwa sababu Australia haikupokea farasi wa kigeni. Pat alipanda farasi aitwaye Flanagan, na timu yao ikapata medali ya shaba. Ndiye mwanamke wa kwanza kupata medali ya Olimpiki katika kuruka viunzi. Alirudi tena Roma mwaka 1960, na mara nne alikuwa bingwa wa wanawake wa Ulaya: 1957, 1961, 1962 na 1963. Leo katika mchezo huo wanawake na wanaume wanashindana pamoja, uwanja mmoja, viunzi vilevile.

Wamama, sisi pia tumeona mlango ukifunguka. Zamani mwanamke aliyeolewa katika Kongo yetu alihitaji ruhusa ya bwana yake mbele ya sheria. Mwaka 2016 Sheria ya Jamaa ilibadilishwa, na ruhusa hiyo ikaondolewa. Lakini ni nani kati yetu anayeweza kusoma karatasi ya shamba lake kabla ya kutia saini? Mlango ukifunguka, anaingia yule aliyejitayarisha.

Basi tunaomba jambo moja. Katika kila likelemba, iwe ya Kasuku, Mikelenge au Alunguli ng'ambo ya mto, tuweke kando kitu kidogo kila juma kwa minervali ya wasichana waliomaliza darasa la sita. Tusingoje mlango ufunguke ndipo tuanze kuwatayarisha.

Yule wa chikwange bado anapita mbele ya shule yetu kila asubuhi. Daftari zake, ametuambia, hajazitupa.