Baiskeli ya Bei Kubwa na Gunia la Karafuu



Kamati imeletewa ombi na baadhi yetu, wengi wao vijana, kwamba mfuko wa akiba uwakopeshe fedha za kununulia baiskeli kabla ya msimu, nao walipe wakishapima karafuu. Ombi lenyewe si baya. Lakini baiskeli walizozitaja ni zile za alumini, zenye gia nyingi na springi mbele, ambazo bei ya moja yaweza kununua nne za kawaida. Kwa kuwa shauri hili litaletwa mkutanoni, nimeonelea niseme rai yangu mapema.

Pengine mtu atauliza, zama hizi za pikipiki, baiskeli ya nini? Pikipiki ya kukodi ni nzuri, ila wakati wa msimu kila mtu huitaka saa ile ile moja ya jioni, na karafuu haingoji zamu. Iliyochumwa leo yataka itolewe makonyo leo, ianikwe jua la kesho. Ikilala imeshindiliwa gunini hupata moto, ikanyauka na kupoteza rangi, na ikifika kwenye mizani hushushwa daraja. Tena tukumbuke kwamba kilo tatu za mbichi hutoa kama kilo moja ya kavu. Basi tunachokitoa shambani ni mara tatu ya kile tunacholipwa, na kingi chake ni maji. Huo ndio mzigo wa baiskeli ya mkulima.

Nitende haki kwanza. Baiskeli ya bei kubwa ina sifa zake. Zile Raleigh za zamani, zilizotengenezwa Nottingham, Uingereza, ambazo babu zetu walizitunza kama saa ya mfukoni, zilikuwa na rimu za chuma, na mvua ikinyesha breki zake huteleza. Aliyewahi kuteremka kilima cha Pemba siku ya mvua, na gunia nyuma yake, hahitaji kuelezwa. Hizi mpya hushika vizuri hata majini. Alumini hailiwi na kutu kama chuma, nasi twakaa na upepo wa bahari mchana na usiku. Na gia humpandisha mtu kilima ambacho zamani alishuka akasukuma. Haya ni kweli tupu.

Lakini tazameni gurudumu la nyuma. Raleigh ile ya zamani ilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu walioiunda walijua uzito unakaa wapi. Nyingi katika hizi za fakhari zina 32 au pungufu, mbele na nyuma sawasawa, maana zimeundwa kwa mtu anayekimbia juu ya mawe kwa furaha yake, hana mzigo ila chupa ya maji. Nyingine hazina hata vitundu vya kufungia keria! Na ile springi ya mbele, ukisimama juu ya pedeli kupanda kilima, hubonyea na kukula nguvu zako.

Nasema haya kwa sababu nilinunua moja. Misimu mitatu iliyopita mavuno yalikuwa mazuri, na mimi nikaona Katibu hastahili kuonekana juu ya kigari kibovu. Muuzaji, ambaye jina lake nalihifadhi, aliniapia kwamba itabeba chochote. Wiki ya pili ya uchumaji, pamoja na gunia lisilojaa, kile kipande kinachoshika gia za nyuma kilikatika. Fundi wetu wa kijijini, ambaye hutengeneza baiskeli ya kawaida kwa nyundo na spana moja, alikitazama akacheka. Kipuri kilitafutwa Chake, kikatafutwa Unguja, mwisho kikatoka Dar es Salaam, na msimu ulikuwa umekwisha. Jioni ile magunia mawili yalilala shambani. Karafuu ile niliiuza kwa bei ya kuona haya, na wachumaji nikawalipa kwa fedha ya kukopa, kwani wao hulipwa kwa pishi, jioni kwa jioni, na ni haki yao.

Hapo ndipo penye khasara. Fedha tunayotaka kuitia katika gia ndiyo ile ile ya kuwalipa wachumaji. Na mkarafuu hauzai sawasawa. Mwaka mmoja hujaa, mwaka wa pili ni majani. Deni halina mwaka wa majani.

Wala sisemi tununue rahisi kuliko zote. Zipo mpya ambazo chuma chake ni laini, pedeli hupinda kabla ya Idi. Rai yangu ni kwamba mfuko ukopeshe bei ya baiskeli ya fremu ya chuma yenye keria madhubuti, na anayetaka kuongeza fedha aiongeze kwenye rimu, spoki nene, tairi na raba za breki, vitu ambavyo fundi wa hapa anavijua. Zaidi ya hapo, kila mtu na mfuko wake mwenyewe.

Ombi la gia nyingi nitalipigia kura ya kulikataa. Yangu ingali imeegemea ukuta wa uani; anayeitaka na aje tuzungumze bei, lakini keria haina.