Taa Za Disko Kwenye Ndinga: Staa Kachekwa Bure, Mwenye Kosa Ni Aplikesheni!

Wiki nzima mitandaoni stori ni moja tu, ndinga ya staa fulani wa Bongo Fleva. Jamaa alitupia video taa za gari zikicheza kwa kufuata biti ya ngoma yake mpya, mashabiki wakamwaga moto kwenye komenti. Kesho yake asubuhi gari lile lile likaonekana linavutwa, betri imekufa fofofo. Watu wa mjini hawana dogo. "Kiki imekula betri", "mwambieni alipe kwanza umeme", mtu akachekwa mpaka akafunga komenti.

Cheka ukimaliza, ila ukweli usemwe. Mwenye kosa pale ni aplikesheni iliyokubali kufanya kazi kwenye gari isilolijua.

Iko hivi. Ndinga yenyewe ni Toyota Crown Athlete, zile zilizotengenezwa kwa soko la Japan zikaletwa Bongo zikiwa zimeshatumika. Aplikesheni nyingi za kubadilisha mipangilio ya taa zinalitambua gari kwa namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Magari ya Kijapani ya soko la kwao hayana namba hiyo. Yana chesisi namba fupi, mfano GRS200, kistari, halafu tarakimu 7. Aplikesheni ikikosa namba inayoitaka, inakuletea orodha uchague mwenyewe. Fundi katafuta Crown, haimo. Akaona Lexus, akajisemea si ndugu hawa? Akabonyeza. Aplikesheni haikuuliza swali la pili, ikaandika mipangilio ya Lexus ndani ya Crown. Taa zikacheza, video ikapatikana, lakini gari lilipozimwa kompyuta ya taa haikulala. Ikanyonya betri usiku kucha.

Staa ana hela, kesho yake kanunua betri maisha yakaendelea. Shida ni wanaomuiga.

Kuna dogo wa Tabata anaendesha IST ya watu, kila siku lazima apeleke hesabu kwa bosi. Kuona ile video na yeye akaenda Kariakoo kununua mkanda wa taa za LED unaoendeshwa kwa simu. Akaunga kwenye waya wa taa za nyuma, akafungua aplikesheni, ikamwekea tiki ya kijani kuwa kila kitu kipo sawa. Kumbe ile tiki ilimaanisha simu imeshikana na kidhibiti kwa Bluetooth, basi. Mkanda ulikuwa wa volti 5, gari ni volti 12. Mkanda ukaungua, fyuzi ikakatika na taa za nyuma zikaondoka nayo. Dogo kapita barabara ya Mandela usiku, malori nyuma yake, hana hata taa moja ya nyuma, mpaka trafiki alipomsimamisha. Siku mbili gari lipo gereji na hesabu ya bosi inamsubiri. Hapo hakuna cha kuchekesha.

Sasa watengenezaji wa hizi aplikesheni wanakwama wapi? Simu ikichomekewa kwenye tundu la kupimia gari chini ya usukani, inaweza kuiuliza kompyuta ya taa yenyewe: wewe ni namba ngapi, una toleo gani la programu? Jibu likitofautiana na kilichochaguliwa kwenye orodha, kazi isimame hapo hapo. Pia iulizwe balbu ni halojeni, xenoni au LED. Balbu ya kawaida ya indiketa ni wati 21, LED inakula kidogo sana, ndiyo maana gari linadhani balbu imeungua na indiketa inaanza kupepesa kama ina haraka ya kwenda.

Betri nayo ipimwe kabla ya kuandika chochote. Betri nzima iliyopumzika inasoma kama volti 12.6. Umeme ukianguka katikati ya kuandika, kompyuta inaweza kubaki nusu nusu isiamke tena. Na mipangilio ya mwanzo itunzwe, kuwe na kitufe kimoja cha kurudisha gari lilivyokuwa. Kwa ile mikanda ya Kariakoo, simu haiwezi kujua volti za mkanda, basi iulize kwanza na imuonyeshe mtu pa kusoma, kabla ya tiki ya kijani.

Wapo watakaosema aplikesheni ikiwa na maswali mengi wateja watakimbia na kuipa nyota moja. Inawezekana. Lakini "gari hili silijui" ni jibu la heshima kuliko tiki ya uongo. Fundi mzuri ndivyo alivyo, gari asilolijua anakwambia kalipeleke kwa fulani. Programu inayochukua nafasi yake ijifunze na tabia yake.

Mpaka hapo watakaporekebisha, usikubali kuchaguliwa gari linalofanana na lako. Kufanana tu hakutoshi.

Haya wadau, staa kaonewa au kajitakia? Na dogo wa Tabata nani amlipie hesabu? Dondosheni komenti hapo chini!