Ugomvi wa Hange



Wapenzi wasomaji, wiki hii tunawaandikia kutoka Migori, mji ulio karibu na mpaka wa Tanzania, tulikoalikwa kusomesha. Nyumba tuliyofikia ina binti mmoja na kaka zake wawili, na usiku wa kwanza mabishano yao yalitunyima usingizi. Tulidhani wanagombania urithi. Kumbe wanamgombania Hange.

Hange ni mtu wa hadithini. Yumo katika Attack on Titan, hadithi ya picha ya Kijapani, aina iitwayo manga, aliyoichora Hajime Isayama tangu 2009 hadi 2021. Humo wanadamu wamejifungia nyuma ya kuta, wakiyahofu majitu yanayokula watu. Wenziwe huyakimbia, Hange huyakamata ili ayachunguze, na mwishowe hukabidhiwa uamiri wa kikosi. Mwandishi hakutaka kubainisha kama huyo ni mwanamume au mwanamke.

Watoto walimsimulia muda mrefu pasi na kujua kwamba wanahitilafiana. Kiswahili chetu husema "amekuja, amepigana" kwa mume na kwa mke, na Kijaluo, lugha ya mama yao, ni vivyo hivyo. Siku binti aliposema "dada Hange", ndipo nyumba ilipowaka. Kaka mkubwa akakata shauri: mwanamke hawezi kuwa amiri, wala hawezi kuwa na akili ya namna ile, basi Hange ni mwanamume.

Itazameni hoja hiyo, enyi wazazi. Hakuitazama picha wala maneno ya mwandishi. Aliutazama uwezo, akautolea humo uanaume. Binti hakujibu. Mama yake alituambia kwamba tangu siku ile hasomi tena mbele ya kaka zake. Baba naye alikwisha kuzichukua simu zote, akatutaka tuseme kuwa mambo haya ni haramu ili yaishe. Tunakiri kwamba tulikaribia kumkubalia, kwani ingekuwa njia fupi, na hadithi yenyewe ina damu nyingi isiyowafaa watoto wadogo. Hilo tulimwambia wazi. Lakini tuliona kwamba simu ikifungiwa kabatini, hoja ya yule kijana ingebaki sebuleni.

Tukamwita. Tukamwuliza: "Mwanangu, siku ya Uhud watu walipotawanyika, Nusayba bint Ka'ab alisimama na upanga kumkinga Mtume (s.a.w.) mpaka akajeruhiwa. Kwa mizani yako, naye tumwandike mwanamume?" Akainama. Bibi yao mzaa mama, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, akasema kwamba hata Luanda Magere, shujaa wa Wajaluo mwenye mwili wa jiwe, siri ya nguvu zake iligunduliwa na mke. Hoja ya bibi haikuwasaidia sana wanawake, ila watoto walicheka, na kicheko kilihitajika.

Likabaki lile la kwanza: Hange ni nani? Tuliwaambia kwamba Hange ni wino na karatasi, na aliyemchora akinyamaza, hatuna haki ya kumsemea. Ama katika watu wa kweli, wanavyuoni wetu walimjua khuntha, ambaye maumbile yake hayakubainika, na hawakumbahatishia kwa ushujaa wala kwa woga wake. Katika madhehebu ya Shafi, mtu akifa akaacha mtoto wa kiume na khuntha, kila mmoja hupewa lile lisilo na shaka, na linalobaki huzuiliwa mpaka hali ibainike.

Kaka mkubwa alitaka kujua ni kiasi gani. Kabla hatujafungua kinywa, binti alikwisha kuandika: akiwa mume, kila mmoja ana nusu, akiwa mke, ana theluthi. Basi khuntha apewe theluthi, kaka nusu, na sudusi izuiliwe. Ilikuwa sawasawa.

Baba alituuliza kuhusu simu. Tulimwambia azirudishe kwa walio wakubwa, baada ya isha, naye akae nao wasome pamoja. Alisita, kisha akaliendea kabati.

Binti alikuwa bado na kalamu mkononi. "Sheikh, na hiyo sudusi iliyozuiliwa, huwekwa kwa nani?"

Kesho baada ya alfajiri tunaanza naye mlango wa mirathi.