Tume za uchaguzi zikitembeleana zinarudi na nini?

Wadau, uchaguzi ukikaribia popote Afrika utasikia tume ya nchi hii imeitembelea tume ya nchi ile "kubadilishana uzoefu". Nchi za SADC zina jukwaa la tume zao tangu 1998, na sisi Tanzania tumo. Sipingi. Ninachouliza ni kimoja tu: wakirudi, kwenye begi kuna nini?

Tuangalie jirani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na vurugu zilizoua watu zaidi ya 1,000, Wakenya walimwita Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini, aliyeongoza tume ya kwao kwenye ule uchaguzi wa 1994 uliomweka Mandela madarakani. Ripoti yake ya 2008 haikumung'unya maneno: hesabu zilichafuka mno, haiwezekani kujua nani alishinda. Tume ile ikavunjwa. Huo ndio ujuzi wa kuazima, mgeni aseme kile ambacho wenyeji wanaogopana.

Baadaye wakakimbilia mashine. Mwaka 2013 vifaa vya kusoma alama za vidole viligoma vituo vingi, na kutuma matokeo kwa elektroniki kukakwama. Mwaka 2017 wakaleta mashine nyingine. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais, na moja ya malalamiko ya majaji ni kwamba tume haikufungua sava zake kama ilivyoamriwa. Hela zimekwenda, imani hakuna.

Kilichosaidia 2022 ni kitu cha kawaida kabisa, jamani. Fomu 34A, ile karatasi ya matokeo ya kituo, ziliwekwa kwenye tovuti kutoka vituo zaidi ya 46,000. Makamishna 4 kati ya 7 waliyakana matokeo, lakini mwenye simu na muda aliweza kujumlisha mwenyewe. Kesi ikaenda mahakamani, ikaamuliwa, na 2007 haikujirudia.

Malawi nao hawakuokolewa na mashine. Uchaguzi wa Mei 2019 ulikuwa na fomu zilizofutwa kwa wino mweupe. Februari 2020 mahakama ikautupa, mwenyekiti mpya wa tume akaingia, na Juni uchaguzi wa marudio ukampa ushindi Chakwera wa upinzani.

Sasa turudi nyumbani. Katiba yetu, ibara ya 41(7), inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama ya kuchunguza. Julai 2020 Mahakama ya Afrika, iliyoko hapo hapo Arusha, ilisema ibara hiyo inakiuka haki za watu. Tukafika Oktoba 2025 na ibara ileile. Sasa hata tume yetu ikizunguka dunia nzima kujifunza, ikikosea nani ataisahihisha?

Nionavyo mimi, masomo ya jirani ni mawili. Karatasi ya kituo ionwe na kila mtu, na mlango wa mahakama uwe wazi. Hayo mawili hayahitaji tenda wala mtaalamu wa kupanda ndege. Yanahitaji mwenye madaraka akubali kukaguliwa, na hilo hakuna semina inayolifundisha.

Mnasemaje wadau? Hoja, siyo matusi. Karibuni.